Sisi na Vyama vya Siasa



Tumeulizwa mara nyingi, na wengine wametuuliza kwa wema na wengine kwa kejeli, kwa nini sisi jamaa wa darsa hii ya Free Area hatuna chama. Waulizaji wa kwanza hutaka kujua. Waulizaji wa pili huwa wamekwisha kujijibu, ya kwamba sisi ni waoga, au ni watu wa kujifungia misikitini wasiojua dunia yaendaje. Wote wastahili jawabu, na tumeona ni bora jawabu hilo liandikwe na kusomwa kuliko kurudiwa mlangoni mwa msikiti kila Ijumaa. Twaomba subira ya msomaji, kwani jambo lenyewe si la neno moja, na sisi wenyewe hatukulifikia kwa siku moja wala bila ya kukosana.

Tuanze na khabari yenyewe. Miezi michache kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 walitujia wajumbe wa mgombea mmoja. Walikuja kwa adabu, wakakaa mkekani pamoja nasi, wakasikiliza darsa mpaka mwisho. Kisha wakasema wameona madrasa yetu haina paa la maana, na kwamba watoto hufunga misahafu yao na kukimbilia ukumbini kila mvua inyeshapo, na kwamba bwana wao yu tayari kuleta mabati na mbao, na tangi la maji ya kutawadhia. Hawakutaka malipo. Walilolitaka lilikuwa dogo: Maalim wetu akae jukwaani siku ya mkutano wa hadhara, aombe dua, na bango moja litundikwe ukutani kwa nje, upande wa njia. Hazikupita wiki mbili wakaja wajumbe wa upande wa pili na ahadi iliyofanana na ile, nao wakaongeza saruji.

Tulikaa kikao mara tatu baada ya sala ya isha. Mmoja wetu, mtu mzima mwenye kuheshimiwa, fundi wa kazi ya mikono anayeijua mvua ya Nakuru kuliko sisi sote, alisema, "Maalim, mvua haiulizi bati limetoka chama gani." Hapakuwa na mtu wa kumcheka, kwani alisema kweli. Kijana mmoja akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, mvua haiulizi, lakini jirani atauliza." Na huyu pia alisema kweli. Khitilafu yetu yote ilikuwa baina ya kweli hizo mbili. Mwisho wake tulikubaliana, kwa wingi wa rai wala si kwa umoja, kwamba hatutapokea kitu kwa sharti lile kutoka upande wowote. Wajumbe wote wakajibiwa neno moja. Madrasa ikabaki bila paa, na ndugu yetu yule akaiacha darsa.

Kwanza yatupasa kueleza tusilolisema, maana watu wengi hutusikia tukisema jambo ambalo halikutoka vinywani mwetu. Hatusemi kwamba siasa ni najisi. Ugawaji wa maji, ujenzi wa hospitali, bei ya unga, karo ya skuli, na haki ya mtu aliyekamatwa usiku, yote hayo ni siasa, na dini isiyojali mambo haya ni dini ya mtu asiye na jirani. Wala hatusemi kwamba kupiga kura ni haramu au kwamba Muislamu asijiunge na chama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 38, imempa kila raia khiari ya kuunda chama, na kushiriki katika kazi zake, na kukipigia debe. Katika jamaa zetu wamo wenye kadi za chama hiki na wenye kadi za chama kile, na hapana aliyeulizwa khabari ya kadi yake alipokuja kusoma. Tunalolisema ni hili tu: darsa, kwa kuwa ni darsa, isiwe na kadi.

Wala mtu asidhani kwamba kusimama nje ya vyama ni jambo jepesi, la mtu aliyechoka au asiye na rai. Katika nchi zetu hizi khiari hiyo iliwahi kunyimwa watu kwa sheria. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 mtu aliweza kugombea ubunge bila ya chama. Mwaka 1968 katiba ikabadilishwa, na tangu hapo hapakuwa na mlango wa Bunge usiopitia katika chama. Mwaka 1969 chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku, na mwaka 1982 ikaandikwa katika katiba kwamba chama ni kimoja tu, KANU. Wazee wetu wakumbuka mwaka 1988, walipopangwa mlolongo mchana kweupe nyuma ya wagombea, na kila mtu akaonekana amesimama nyuma ya nani, na chifu anaangalia. Kifungu cha chama kimoja kiliondolewa Desemba 1991, lakini mgombea huru hakurudishiwa haki yake mpaka katiba ya 2010, kwa ibara ya 85. Hiyo ni miaka 42. Na katika uchaguzi wa 2022 wagombea huru 12 waliingia katika Bunge la Taifa.

Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na kisa kirefu zaidi. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani mwaka 1993 kudai kwamba raia asilazimishwe kujiunga na chama ndipo agombee. Mahakama Kuu ikampa haki mwaka 1994. Bunge likabadilisha katiba ili haki ile isitumike. Akarudi tena, Mahakama Kuu ikampa haki mara ya pili mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba jambo hilo ni la Bunge. Hatimaye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 14 Juni 2013 kwamba haki ya raia ilikuwa imevunjwa. Mtikila alifariki mwaka 2015. Hakuwa mtu wa dini yetu, na hatukubaliani na mengi aliyoyasema katika maisha yake. Lakini mtu aliyeshika mlango mmoja kwa miaka 20 hawezi kuambiwa kwamba alitaka jambo jepesi.

Sasa tuisikilize hoja ya wanaotupinga, na tuisikilize kwa nguvu zake zote, kwani hoja ya mwenzio ukiipunguza ili uishinde hukuishinda. Wasema: Nyinyi mwasema uhuru, na uhuru hauezeki madrasa. Katika nchi hii aliye na chama ndiye mwenye sauti, na asiye na chama husahauliwa siku ya kugawa. Kijana Muislamu alipokwenda kutafuta kitambulisho aliulizwa vyeti vya babu yake. Mwanzoni mwa mwaka 2007 watu waliokimbia vita vya Somalia walikamatwa katika ardhi ya Kenya, wakapakiwa katika ndege usiku, wakapelekwa Somalia na kisha Ethiopia bila ya kufikishwa mbele ya hakimu, na miongoni mwao walikuwamo raia wa Kenya. Ni nani aliyewasemea? Je, jamii iliyodhulumiwa hivyo haina haki ya kwenda kwa chama na kusema, Tupeni haki yetu nasi tutawapa kura zetu?

Twajibu kwamba haki hiyo wanayo, na uchungu huo ni wetu sote. Lakini na tuangalie mambo yaliyokwisha kupita. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, baadhi ya Waislamu wa Mombasa waliunda chama cha Islamic Party of Kenya, kilichojulikana kwa herufi za IPK. Serikali ikakataa kukiandikisha, na ghasia zikazuka Mombasa mwaka ule ule. Waliokuwamo walikuwa na malalamiko ya kweli juu ya ardhi na kazi na kudharauliwa. Lakini Waislamu wenyewe wakagawanyika, wengine wakasimama na IPK, na wengine na kundi la United Muslims of Africa lililoegemea KANU, na msikiti ukawa mahali pa kupimana nani ni wa nani. Leo katiba, katika ibara ya 91, imekataza chama kilichojengwa juu ya dini, kama ilivyokataza chama cha kabila au cha jimbo, na sisi twaona katazo hilo ni la hekima.

Kisha ukaja mwaka 2007 wenyewe. Tarehe 29 Agosti mwaka huo viongozi wa baraza la National Muslim Leaders Forum walitia sahihi mapatano na mgombea urais Raila Odinga, kuhusu mambo hayo hayo ya watu waliopelekwa nje na dhulma walizofanyiwa Waislamu. Hatuwalaumu kwa kutaka haki. Lakini mapatano yale hayakutangazwa siku ile, na uchaguzi ulipokaribia ikatembezwa karatasi ya uwongo iliyodai kwamba kumeahidiwa mambo ambayo hayakuwamo, na Wakristo wengi wakaingiwa na khofu, na wenye mapatano wakalazimika mwezi wa Novemba kuitoa karatasi ya kweli ili kuukanusha uwongo. Lililokuwa dai la raia, ya kwamba mtu asitolewe nchini mwake bila ya hakimu, likageuka kuwa khabari ya chama fulani na dini fulani. Dai hilo lilikuwa haki ya kila Mkenya. Lingeweza kubebwa na wakili Mkristo na mama wa Kikuyu na mzee wa Kikalenjin. Lilipotiwa katika mfuko wa upande mmoja, wa upande wa pili waliona ni wajibu wao kulikataa hata kabla ya kulisikia.

Hapo ndipo tulipoona shina la jambo. Haki ikiingizwa katika biashara ya kura, huacha kuwa haki na huwa bei. Na bei, ndugu zetu, hupanda na kushuka. Anayekununua leo kwa mabati atakuuza kesho kwa bei atakayoiona, nawe huwezi kumlaumu, maana ulikubali kuwekwa dukani.

Wako watakaosema kwamba mifano hii ni ya Kenya, ambako Waislamu ni wachache, na kwamba mahali wote walipo Waislamu mambo yangekuwa mengine. Basi na tuitazame Zanzibar, ambako karibu watu wote huelekea kibla kimoja. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, na kipindi kilichofuata wenyewe wakakiita wakati wa siasa. Wafuasi wa Hizbu na wafuasi wa Afro-Shirazi walisusiana maduka na mabasi, wenye mashamba wakawafukuza waliokaa ndani yake, na watu wakaacha kuzikana. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Juni ya mwaka ule ule uchaguzi ukarudiwa, na watu 68 wakauawa. Baada ya uchaguzi wa 1995 Pemba iliyaona tena mambo ya kususiana katika misikiti na arusi na mazishi, safari hii kwa ajili ya CCM na CUF. Ilichukua miaka 15 mpaka kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, iliyofungua njia ya serikali ya umoja wa kitaifa, kuanza kuzitibu jeraha zile.

Watu hawa hawakukosa dini. Walikuwa na misikiti na wanavyuoni na wahifadhi wa Qurani. Walilolikosa, kwa wakati ule, ni mahali pasipokuwa na upande. Kila mahali palipokuwa pa wote palikwisha kuchukuliwa, na ilipofika siku ya kutafuta pa kupatania, hapakuonekana pa kukutania.

Na sasa turudi kwetu Nakuru, maana hatuna haja ya kwenda visiwani kutafuta mafunzo. Mkoa huu wa Bonde la Ufa umeonja ghasia za uchaguzi zaidi ya mara moja. Molo mwaka 1992, Njoro mapema mwaka 1998, kisha mwisho wa Januari 2008, moto ulipoingia katika mji wa Nakuru wenyewe na serikali ikaweka amri ya kutotoka nje. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa hema za waliokimbia makwao. Tume ya Jaji Waki ilihesabu katika nchi nzima watu 1,133 waliokufa. Wale miongoni mwetu tuliokuwapo hatuhitaji kusimuliwa. Siku zile mtu alipobisha hodi usiku, swali la kwanza halikuwa una shida gani, lilikuwa wewe ni wa nani.

Mtaa wetu huu, ulio kando ya njia kuu iendayo Nairobi, jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Eneo Huru. Wakaao humu ni Wakikuyu na Wajaluo na Waluhya na Wakisii na Wakalenjin na Wakamba na Wasomali na Wanubi, Wakristo wengi na Waislamu wachache. Katika safu zetu za sala wamo watu wa makabila yote hayo. Tujiulize basi: lau siku ile mbaya ukuta wetu ungekuwa na bango la upande mmoja, jirani wa upande wa pili angethubutu kuingia na watoto wake? Na wenye mapanga wangepita mlangoni petu wakasema hapa ni nyumba ya Mungu, au wangesema hapa ni afisi ya maadui? Twaamini jawabu lajulikana. Bango hutundikwa kwa msumari mmoja na kuondolewa kwa mkono mmoja, lakini katika kumbukumbu za watu haliondoki.

Kwa hiyo hoja yetu ya kwanza haikutokana na vitabu. Imetokana na kazi ambayo darsa na msikiti hufanya na ambayo chama hakiwezi kuifanya. Sisi huosha maiti, na maiti hana chama. Sisi huketi na mume na mke waliokosana. Sisi hufundisha watoto ambao baba zao hawasemezani kwa ajili ya siasa. Katika uchaguzi wa 2022 mshindi wa urais alipata kura 7,176,141 na aliyemfuata 6,942,930, tofauti ya kura 233,211 peke yake. Maana yake ni kwamba katika nchi nzima, ukichukua watu wawili, yamkini mmoja alimpa huyu na mmoja alimpa yule. Mwalimu akikaa jukwaani na mmoja wao, amemwambia nusu ya watu kwamba mlango wake umefungwa.

Ama hoja ya pili, hiyo imo katika sira za wanavyuoni wetu. Imam Abu Hanifa alitakwa na Khalifa al-Mansur awe kadhi akakataa, akafungwa, akafariki mwaka 150 wa Hijra. Imam Malik alipigwa mijeledi Madina kwa sababu ya rai yake kwamba kiapo cha kulazimishwa hakimfungi mtu. Imam Ahmad bin Hanbal alifungwa na kupigwa katika mtihani ulioanzishwa na al-Maamun, kwa kukataa kuyasema yale ambayo dola ilitaka yasemwe. Visa hivi twavijua sote. Lakini kipo kimoja ambacho hatukitaji sana. Al-Mutawakkil alipoufuta mtihani ule, alimheshimu Imam Ahmad na akamletea zawadi, na Imam akazichukia, na akawakasirikia jamaa zake waliozipokea. Mtu aliyestahimili mijeledi aliiogopa zawadi. Alijua kwamba mjeledi huonekana na kila mtu, na anayepigwa hupata wa kumhurumia. Lakini zawadi huingia nyumbani kimya kimya, na ulimi uliokuwa mkali huanza kutafuta udhuru.

Na hapa pwani ya Afrika Mashariki tuna mfano wa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la al-Islah Mombasa mwaka 1932. Aliwakosoa wakoloni na akawakosoa Waislamu wenzake katika gazeti hilo hilo, wala hakuona kwamba kusema ubaya wa hawa kwamlazimu kuuficha ubaya wa wale. Baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka kufariki kwake mwaka 1947. Basi kushika kazi ya serikali si sawa na kumilikiwa, na uhuru tunaousema ni wa ulimi kabla ya kuwa wa kiti.

Lakini hatutakuwa waadilifu tukiishia hapa. Kusimama nje kuna hatari yake, na hatari hiyo twaijua kwa nafsi zetu. Wakati wa fitna kubwa ya kwanza Abdullahi bin Umar alijiweka kando, wala hapana anayeshuku ucha Mungu wake. Hata hivyo imepokewa kwamba mwisho wa umri wake alisikitika kwa kutokuwa pamoja na Ali dhidi ya kundi lililodhulumu. Ikiwa mtu wa daraja ile aliogopa kwamba huenda utulivu wake ulikuwa kosa, sisi ni nani hata tuufanye utulivu kuwa fadhila wakati wote? Mwenye nguvu apigapo mnyonge, anayesema "mimi sina upande" amekwisha kumpa mwenye nguvu nafasi ya kupiga. Aya ya 135 ya Sura an-Nisaa inatutaka kuwa mashahidi wa uadilifu hata juu ya nafsi zetu na wazazi wetu, na shahidi anayenyamaza si shahidi.

Ndugu yetu aliyetuacha alitwambia neno hilo kwa namna yake. Alisema, "Nyinyi mmekataa mabati ili muwe huru kusema, haya, mmesema nini?" Neno hili lilituchoma, maana mwaka ule mabomba ya maji yalikauka katika sehemu ya mtaa kwa muda mrefu, kina mama wakawa wananunua maji kwa madebe, nasi tulikuwa tumeshughulika na darsa ya tajwidi. Hatukwenda afisi yoyote wala hatukuandika barua. Uhuru wetu tuliuweka kabatini kama kanzu ya Idi. Katika hilo yeye alikuwa na haki na sisi tulikosa, na twaandika hapa ili lijulikane.

Tangu hapo tumejiwekea kanuni, nasi twazieleza ili kila msomaji aweze kutuhukumu kwazo. Kwanza, darsa haitaunga mkono chama wala mgombea, wala mimbari haitatajwa juu yake jina la mgombea kwa sifa au kwa matusi. Pili, kila mmoja wetu yu huru katika nafsi yake, lakini anayegombea kiti au anayeshika kazi ya chama huuacha uweka hazina na ualimu mpaka atakapoimaliza kazi ile, na akirudi hupokewa bila ya masimango. Tatu, msaada hupokewa kwa asiye na sharti, huandikwa katika daftari na kutangazwa mbele ya watu, na katika miezi ya kampeni haupokewi kwa mwanasiasa yeyote, awe na sharti au asiwe nalo. Nne, palipo na dhulma tutasema, na tutalitaja tendo kwa jina lake, liwe limetendwa na waliomo serikalini au waliomo nje yake. Na kipimo chetu ni kujiuliza, Je, neno hili tungelisema hivi hivi lau aliyetenda angekuwa wa upande wa pili? Tano, kila ukaribiapo uchaguzi tutafundisha yawapasayo wapiga kura: kutouza kura, kutomkopesha mtu kitambulisho, kutomtukana mtu kwa kabila lake, na kumhifadhi jirani. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 imeikataza hongo kwa anayetoa na anayepokea, lakini kabla ya sheria hiyo dini ilikwisha kuwalaani wote wawili.

Huenda mtu akasema, Kanuni hizi ni nzuri, lakini paa liko wapi? Twamjibu kwamba paa lilipatikana kwa michango ya mwezi, shilingi kwa shilingi, wala halikukamilika mpaka misimu ya mvua ilipopita na watoto wakanyeshewa. Watoto wale hawakuulizwa rai yao. Sisi tuliochagua tulikuwa tukilala chini ya mabati yetu. Hatusemi haya kwa kujisifu; twayasema kwa sababu anayechagua uhuru yampasa aijue khasara yake, na ajue ni nani anayeilipa. Pengine wengine wangeliamua vingine, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini leo mtoto wa mwenye kadi hii na mtoto wa mwenye kadi ile wasoma chini ya paa ambalo hapana awezaye kuwaambia, hili ni letu.

Ama ndugu yetu yule, bado tunasalimiana naye, na alipofiwa tulikwenda kwake sote, tukachimba kaburi na kuzika. Hapana aliyeuliza lolote. Tulipokuwa tukirudi alituambia kwamba bado anaona tulikosea juu ya mabati. Tukamwambia huenda. Akasema atakuja siku moja tuendeleze mazungumzo, na mahali pake mkekani papo.

Na mlango huo huo u wazi kwa kila msomaji aliye na hoja tusiyoifikiria. Atuletee kwa maneno au kwa maandishi, nasi tutaisoma katika darsa kama alivyoiandika, bila ya kupunguza. Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe ulimi wa kusema haki na moyo wa kuisikia, na aulinde mji wetu huu na shari ya siku zile zisirudi.

Wabillahi tawfiq.